Mfalme Asiye na Uzi: Historia ya Ibada za Wahindu, Tangu Mimba Hadi Moto

Mwishoni mwa Mei 1674, katika ngome ya Raigad iliyo kileleni mwa mlima magharibi mwa India, mwanamume wa miaka 44 aliketi mbele ya moto akavishwa uzi wa pamba, ukapita juu ya bega la kushoto na kushuka chini ya mkono wa kulia. Hiyo ni ibada ya watoto. Vitabu vya kale vinataka mwana wa ukoo wa wapiganaji aifanye akiwa na miaka 11. Aliyeketi pale ni Shivaji Bhonsle, mtu ambaye kufikia siku hiyo alikwisha kumuua kwa mkono wake Afzal Khan, jemadari wa Bijapur, kuupora mji wa Surat mara mbili, na kumtoroka Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, kule Agra. Ngome alikuwa nazo, meli alikuwa nazo, na hazina pia. Alichokosa ni uzi.

Na bila uzi hakuna taji. Mfalme wa Kihindu hutawazwa kwa mantra, maneno matakatifu, za Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, na makuhani walishikilia kwamba mantra hizo hazisomewi kila mtu. Husomewa Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani. Mkshatriya, wa tabaka la wafalme na wapiganaji. Na Mvaishya, wa tabaka la wafugaji na wafanyabiashara. Hao nao sharti kwanza wavishwe uzi, ndipo waitwe waliozaliwa mara mbili. Mshudra wa tabaka la nne hana ruhusa. Wabrahmani wengi wa Maharashtra, nchi yake, walipomtazama Shivaji waliona Mshudra: mtoto wa ukoo wa mashambani uliopanda kwa upanga, ambao watoto wake hawakuwa wakivishwa uzi.

Basi washauri wake wakatuma wajumbe hadi Kashi, mji ambao wengine huuita Varanasi, kwa mwanachuoni mkubwa wa sheria za dini aitwaye Gaga Bhatta. Akaonyeshwa nasaba iliyowaunganisha Bhonsle na Wasisodia, wafalme wa Kirajput wa Mewar, mamia ya kilomita kaskazini. Akairidhia. Wanahistoria wamebishana tangu hapo kama nasaba ile ilikuwa ya kweli au ilifumwa kwa haja ya siku ile. Mimi naelekea upande wa hao wa pili, ingawa sioni kwamba inampunguzia Shivaji chochote. Mtu aliyejijengea dola hakuhitaji babu wa kuazima. Waliomhitaji babu huyo ni makuhani, ili wapate njia ya kukubali bila kuonekana wamekubali.

Kwanza alifanya toba kwa miaka yote aliyoishi bila ibada za tabaka lake jipya. Kisha akavishwa uzi. Kisha, kwa kuwa ndoa zake zote zilikuwa zimefungwa kabla ya uzi, akawaoa upya wake zake kwa ibada za Kikshatriya, huku mwanawe Sambhaji akiwa kijana wa miaka 17. Hata hapo ugomvi haukwisha. Shivaji alitaka asomewe mantra za Veda kwa sauti, asikie kwa masikio yake kama mtu yeyote aliyezaliwa mara mbili, na Wabrahmani waliokusanyika wakang'aka. Akapimwa kwa mizani dhidi ya dhahabu. Henry Oxenden, mjumbe wa Waingereza wa Bombay aliyekuwapo, aliandika kwamba uzito wake ulifikia kama sarafu 16,000, na dhahabu hiyo ikagawiwa makuhani. Tarehe 6 Juni akakaa kwenye kiti cha enzi. Mama yake, Jijabai, aliyemlea karibu peke yake, aliishi kuyaona hayo akafariki siku chache baadaye. Septemba mwaka huohuo Shivaji alitawazwa tena, safari hii na Nischal Puri, kuhani wa madhehebu ya Tantra aliyedai kwamba sherehe ya Gaga Bhatta ilikuwa na kasoro na ndiyo maana mama wa mfalme amekufa.

Taji moja, matawazo mawili, na harusi za kurudia, yote kwa sababu ya nyuzi chache za pamba. Ili kuona ni kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 2,000.

Ibada za Wahindu za kumvusha mtu hatua za maisha huitwa samskara. Zimeelezwa katika Grihyasutra, vitabu vya ibada za nyumbani vilivyotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo na kupokezwa kwa kukariri, mwalimu kwa mwanafunzi, muda mrefu kabla ya kuandikwa. Kila kundi la wasomi wa Veda lilikuwa na chake: kipo cha Ashvalayana, cha Paraskara, cha Gobhila, cha Shankhayana. Hekalu halimo. Kilichomo ni moto wa nyumba, mume na mke, samli, nafaka, maji na maneno. Idadi ya ibada haikuwa moja. Gautama, mmoja wa watunga sheria wa kale, alihesabu 40 pamoja na kafara mbalimbali. Hesabu ya 16, ambayo leo Wahindu wengi watakutajia, ilikuja kushika baadaye, na katika zama zetu ilitiwa nguvu na Dayananda Saraswati, mwasisi wa Arya Samaj, aliyetoa kitabu chake cha mwongozo wa samskara mwaka 1877.

Mtu huanza kufanyiwa ibada kabla hajazaliwa. Ya kwanza, garbhadhana, ni ya kutunga mimba. Tutairudia, kwa sababu ilikuja kuzua balaa. Mimba ikikua, mume humpasua mkewe njia ya nywele, kutoka paji la uso kwenda nyuma, kwa mwiba wa nungunungu wenye madoa matatu meupe, pamoja na kishada cha matunda mabichi ya mkuyu. Mtoto akitoka, baba humlambisha asali na samli kwa kitu cha dhahabu kabla kitovu hakijakatwa. Siku ya kumi au ya kumi na mbili hupewa jina: la mvulana liwe na silabi shufwa, mbili au nne, la msichana ziwe witiri. Mwezi wa nne hutolewa nje akaonyeshwa jua. Mwezi wa sita huonjeshwa chakula kigumu, na hapa vitabu vinasema jambo litakalowashangaza Wahindu wengi wa leo wasiogusa nyama: ukitaka mwanao awe na siha mpe nyama ya mbuzi, ukitaka awe na nuru ya elimu ya dini mpe nyama ya kware, ukitaka awe mwepesi mpe samaki, ukitaka ang'are mpe wali kwa samli. Siku hizi umebaki wali. Kisha hunyolewa nywele za kwanza, mara nyingi akiwa na mwaka mmoja au mitatu, na kuachiwa kishungi utosini.

Halafu unakuja uzi. Mbrahmani huvishwa akiwa na miaka minane, Mkshatriya 11, Mvaishya 12. Ni jando lao, ila hapakatwi kitu. Kinachotolewa ni maneno. Mvulana hufungwa kiunoni mshipi: wa majani ya munja akiwa Mbrahmani, wa ugwe wa upinde akiwa Mkshatriya, wa sufu akiwa Mvaishya. Hupewa fimbo. Mwalimu hugusa kifua chake, kisha chini ya kitambaa kilichowafunika wote wawili humfundisha Gayatri, mantra fupi ya kuliomba jua liamshe akili. Baadaye hushika bakuli akaenda kuomba chakula kama mwanafunzi maskini, na wa kwanza anayemwendea ni mama yake, kwa sababu mama hawezi kumnyima. Zamani mtoto huyo angehamia kwa mwalimu miaka mingi. Leo, katika familia nyingi, miaka yote ya masomo hukamilishwa asubuhi moja: huvishwa uzi, huomba chakula, humaliza elimu, huoga maji ya kuhitimu, kabla ya chakula cha mchana.

Hapo ndipo mlango ulipofungiwa watu. Mshudra hakuingia. Na mwanamke, ambaye baadhi ya maandiko ya kale yanakumbuka zama alizovishwa uzi na kusoma Veda, naye akatolewa nje. Sheria za Manu zinasema wazi kwamba kwa mwanamke harusi ndiyo uzi wake, kumtumikia mume ndiko kukaa kwa mwalimu, na kazi za nyumba ndizo ibada zake za moto. Sijaona sentensi inayofunga milango mingi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Lakini harusi yenyewe ni nzuri, na lazima niiseme kwa utulivu. Mashairi yake ya msingi yamo katika Rigveda, kitabu cha kumi, utenzi wa 85, unaosimulia harusi ya Surya, binti wa jua. Bwana harusi humshika bibi harusi mkono wa kulia. Bibi harusi hukanyaga jiwe, ili asimame imara kama hilo jiwe. Kaka yake humjaza viganja bisi za mpunga, naye huzimimina motoni, mara kadhaa, wakizunguka moto katikati. Kisha hatua saba, saptapadi. Kwa mujibu wa Ashvalayana, ya kwanza ni kwa ajili ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka, na ya saba urafiki. Ndoa hufungwa katika hatua ya urafiki. Usiku unapoingia, maharusi hutoka nje kuitazama nyota ya kaskazini isiyohama, na ile ndogo ya Arundhati, mke mwema wa hadithi, inayoonekana kwa shida kando ya mwenzake.

Ibada ya mwisho, antyeshti, hufanywa na wengine. Mwana mkubwa huzunguka maiti na kuwasha kuni. Baada ya siku chache mifupa hukusanywa na majivu hutiwa mtoni, Ganga ikiwezekana. Watoto wachanga na watawa hawachomwi, huzikwa. Kule Haridwar, mji wa kando ya mto huo, makuhani wanaopokea wafiwa wana madaftari marefu ya nasaba, ambamo familia huandika nani kafa, nani kazaliwa na nani kaoa tangu safari yao iliyopita, wakati mwingine vizazi na vizazi.

Maneno hayo yote alikuwa nayo Mbrahmani, na Mbrahmani alilipwa ada. Hilo ndilo lililomkera Jyotirao Phule wa Pune, mtu wa jamii ya wakulima wa maua na bustani. Septemba 1873 alianzisha Satyashodhak Samaj, chama cha watafuta ukweli, na mwezi Desemba mwaka huohuo wafuasi wake walianza kuozeshana bila kuhani. Mke wa Phule, Savitribai, alikuwa mstari wa mbele. Maharusi walisemezana viapo kwa Kimarathi, lugha wanayoielewa. Makuhani hawakuleta hoja za dini tu. Walikwenda mahakamani kudai ada za harusi ambazo hawakuziendesha, kwa madai kwamba ukuhani wa kijiji ni haki yao ya kurithi, uitwe usiitwe.

Mwaka 1890 ikaja ile balaa ya garbhadhana. Huko Calcutta msichana mdogo, wa miaka kama kumi na mmoja tu, alifariki kutokana na majeraha aliyoyapata kwa mumewe mtu mzima. Sheria ya Waingereza ilimlinda mke hadi miaka kumi pekee, kwa hiyo mume hakuweza kushitakiwa kwa ubakaji. Mwandishi wa habari Behramji Malabari, ambaye hakuwa Mhindu bali Mparsi, alikuwa amepiga kelele kwa miaka mingi dhidi ya ndoa za watoto. Sasa serikali ikaleta muswada wa kupandisha umri hadi 12. Wapinzani wakasimama juu ya samskara. Wakasema dini inamlazimu mume kutimiza garbhadhana mara tu mke anapovunja ungo, na akivunja ungo kabla ya 12 sheria itamfanya mume ama mkosefu mbele ya Mungu ama mhalifu mbele ya hakimu. Mikutano mikubwa ikafanyika Calcutta. Katika Pune, Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru mashuhuri, aliongoza upinzani, hasa kwa hoja kwamba serikali ya kigeni haina ruhusa ya kuingia chumbani mwa Mhindu. Mwanachuoni R. G. Bhandarkar alifungua vitabu hivyohivyo akaonyesha kwamba ibada inaweza kucheleweshwa bila dhambi. Muswada ukapita tarehe 19 Machi 1891.

Tilak namheshimu kwa mengi. Kwa hili hapana. Hoja ya uhuru aliiweka juu ya mwili wa mtoto.

Miaka minane baadaye ugomvi wa Raigad ukafufuka, tena katika nyumba ya Shivaji yuleyule. Shahu, maharaja wa Kolhapur, kijana aliyeingizwa katika ukoo huo kwa kuasiliwa mwaka 1884 na kushika utawala 1894, alikuwa na desturi ya kwenda alfajiri mtoni Panchganga kuoga maji matakatifu ya mwezi wa Kartik. Kuhani husoma, mfalme huoga. Mwaka 1899 mmoja wa wageni wake, msomi Rajaramshastri Bhagwat, alitega sikio akagundua kwamba mantra zinazosomwa si za Veda bali za Purana, zile zinazosomewa Washudra. Kuhani alipoulizwa hakutafuta maneno ya kujificha. Alijibu kwamba maharaja ni Mshudra, hivyo zinamtosha za Purana. Na kwa kuwa anasoma za Purana, yeye kuhani hakuona haja hata ya kuoga kabla ya kuja. Miaka 225 baada ya Gaga Bhatta kupokea nasaba, makuhani wa Maharashtra walikuwa bado hawajaiamini.

Shahu hakupiga kelele. Alimwamuru kuhani mkuu wa jumba la kifalme, Rajopadhye, aendeshe ibada zote kwa Veda. Akakataa. Akaongezewa muda wa kufikiri, akakataa tena. Mwaka 1902 maharaja akamnyang'anya mashamba aliyopewa kwa ajili ya kazi hiyo, ambayo mapato yake yalikuwa kama rupia 30,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana kwa enzi hizo. Rufaa kwa Waingereza hazikufua dafu. Tilak, kupitia gazeti lake la Kesari, mwaka 1901 aliandika kuwatetea Wabrahmani, na kwa mara ya pili akawa upande uliokuja kushindwa.

Lililofuata ndilo kubwa. Shahu alielewa kwamba mtu aliyemdharau pale mtoni ni mtu wa tabaka lilelile lililojaza ofisi zake zote. Tarehe 26 Julai 1902 alitoa amri kwamba nusu ya nafasi za kazi serikalini zitakazokuwa wazi wapewe watu wa jamii zilizoachwa nyuma. Mwaka 1920 akaanzisha kiti cha kiongozi wa kiroho asiye Mbrahmani kwa ajili ya Wamaratha, jamii yake, na mwaka huohuo akamsaidia kijana aitwaye B. R. Ambedkar kuanzisha gazeti lake la kwanza. Mfumo wa nafasi maalumu uliomo katika katiba ya India ya leo una mizizi mingi, na mmojawapo unashuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya Panchganga.

Mohandas Gandhi naye alipitia samskara zake kama mtoto yeyote wa Kigujarati: alioa Kasturba mwaka 1883, akiwa na miaka 13, na baadaye aliijutia hadharani ndoa hiyo ya utotoni. Lakini Machi 1913, walipokuwa wakiishi Afrika Kusini, ndoa hiyo iligeuka silaha. Jaji Malcolm Searle wa Mahakama Kuu ya Cape, katika kesi ya mwanamke Mwislamu aliyezuiwa kuingia nchini, aliamua kwamba ndoa zilizofungwa kwa dini inayoruhusu wake wengi hazitambuliki Afrika Kusini. Kwa mpigo mmoja wake za Wahindi, Wahindu kwa Waislamu, wakawa masuria, na watoto wao wakawa wa nje ya ndoa. Hatua saba mbele ya moto hazikuwa na maana tena kwa karani wa uhamiaji. Kasturba aliposikia aliamua kwenda jela. Septemba 1913 alivuka mpaka wa Transvaal bila kibali pamoja na wenzake, akakamatwa, akafungwa miezi mitatu na kazi ngumu. Sheria ya 1914 ikazirudishia ndoa hizo hadhi, kwa sharti la mke mmoja.

Na uzi? Mwaka 1915, baada ya kurejea India, Gandhi alikwenda Haridwar na Rishikesh wakati wa mkusanyiko mkubwa wa Kumbh Mela. Mtawa mmoja alisikitika kumwona hana kishungi utosini wala uzi begani. Kishungi Gandhi alikubali kukirudisha. Uzi alikataa, kwa hoja kwamba ikiwa Washudra hawaruhusiwi kuuvaa, haoni wengine wamepata wapi haki ya kuuvaa. Hoja hiyo Gaga Bhatta hakuiwaza, na mbele yake nasaba yote ya Wasisodia inakuwa karatasi tu.

Kusini, Watamil walikwenda mbali zaidi. E. V. Ramasamy, ambaye watu wake walimwita Periyar, alianza mwaka 1928 kuozesha kwa ndoa za kujiheshimu: hakuna kuhani, hakuna moto, hakuna Kisanskriti, maharusi hubadilishana mashada mbele ya watu basi. Katika miaka ya 1950 mahakama ya Madras ikasema ndoa ya namna hiyo si ndoa. Maelfu ya wanandoa wakaishi na doa hilo hadi 1967, serikali ya C. N. Annadurai ilipoipitisha sheria ya kuzitambua, zijazo na zilizopita.

Sehemu nyingine za India sheria imefuata njia tofauti. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955, kifungu cha 7, inasema ndoa ifungwe kwa desturi ya upande mmoja wa maharusi, na pale desturi hiyo ikiwa na saptapadi, inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilikazia: cheti cha kusajili ndoa bila ibada yenyewe kufanyika hakiwafanyi watu kuwa mume na mke chini ya sheria hiyo. Taifa lenye mahakama na kompyuta bado linauliza kama mguu uliinuliwa mara ya saba.

Huku kwetu Afrika Mashariki ibada hizi zilifika kwa shida, kwa sababu kuvuka bahari kulihesabiwa kumpotezea mtu tabaka. Gandhi mwenyewe alitengwa na watu wa tabaka lake kule Bombay mwaka 1888 kwa kwenda kusoma London. Wabhatia wa Kutch waliofanya biashara Unguja karne ya 19, hao ambao wazee wetu waliwaita Banyani, kwa muda mrefu waliwaacha wake zao nyumbani, kwa hiyo harusi na uzazi vilibaki ng'ambo. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, Wahindu, Waislamu na Masingasinga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wahindu waliobaki walihitaji mtu wa kuwaozesha na kuwafanyia ibada za wafu. Arya Samaj ilianza Nairobi mwaka 1903, na ilifaa ugenini kuliko madhehebu mengine: haikuhitaji sanamu, wala kuhani wa kurithi, wala Mto Ganga. Bakuli la chuma la kuwashia moto, samli, kitabu cha Dayananda na mtu anayejua kukisoma vilitosha.

Moto wao umekuja kutumiwa na wengine. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, katika tanuri la Wahindu. Kabla yake, Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana Manasses Kuria alichomwa mwaka 2005, baada ya mkewe, na Wakenya wengi walishangaa. Huko Jinja, Uganda, sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa katika Nile mwaka 1948, na mnara wa kumbukumbu upo hadi leo. Na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 imeiweka ndoa ya Kihindu pamoja na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali.

Tumalizie Pune, mji wa Phule na wa Tilak. Huko taasisi ya Jnana Prabodhini huwafunza kazi ya ukuhani wanawake na wanaume bila kuwauliza tabaka. Wanawake hao husomea watu mantra za Veda kwa sauti, huzieleza kwa Kimarathi kila hatua ili walioketi waelewe, huongoza harusi na ibada za wafu, na huwavisha uzi wasichana sawa na wavulana. Familia zisizowataka huendelea kumwita kuhani wa Kibrahmani kama zamani, na makuhani wa Pune hawajakosa kazi.